Mtoto Anapoogopa Kiti cha Daktari wa Meno

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunazungumzia jambo linalosumbua nyumba nyingi, nalo ni hofu ya watoto mbele ya daktari wa meno. Tutaeleza hasa njia moja ya kuipunguza hofu hiyo, yaani kumvutisha mtoto kwa pua hewa iliyochanganywa na gesi ya kutuliza. Baadhi yenu mmekwisha kusikia habari zake kwa jina la gesi ya kuchekesha. Wako wazazi wanaoikataa kwa kudhani kwamba ni nusukaputi. Wako wengine wanaoitaka kwa kudhani kwamba mtoto akishaivuta hakuna tena haja ya sindano. Wote hao hawajaelezwa vizuri, na anayeumia ni mtoto.

Tuanze na hali tunayoifahamu sote. Mtoto wa miaka saba, wa Bonde la Mpunga au wa Mikoroshoni, analia usiku kwa sababu ya jino. Mama anampa Panadol na kumsukutulisha maji ya chumvi. Asubuhi mtoto ameamka anacheza. Mama anasema, "Limepoa," na safari ya hospitali inaahirishwa. Baada ya wiki mbili jino linauma tena, na mara hii mtoto mwenyewe hasemi kitu, kwa maana amekwisha kuelewa kwamba akisema atapelekwa. Anatafunia upande mmoja. Anakataa maji ya baridi. Anakula wali anaacha nyama. Siku shavu linapovimba ndipo baba anatafuta bajaji, na mtoto anaingizwa kwa daktari akiwa amebebwa mzobemzobe.

Jino lililooza, likauma, kisha likaacha kuuma lenyewe, halijapona. Mara nyingi mshipa wa fahamu ulio ndani yake umekufa, ndiyo sababu halihisi tena. Lakini vijidudu vinaendelea kushuka mpaka kwenye mzizi na kutunga usaha. Usaha huo waweza kutoka kwa kipele juu ya ufizi. Waweza pia kusambaa chini ya taya na shingoni hadi mtoto ashindwe kumeza na hata kupumua. Mtoto aliyevimba chini ya kidevu, mwenye homa, anayetokwa na mate kwa kushindwa kuyameza, ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe hospitali usiku huohuo, asingoje kupambazuke.

Wengine hujifariji wakisema, "Hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." Meno ya mbele ya utoto kweli huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita hivi, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 au hata 12. Mtoto wa miaka mitano atalitegemea gego lake kwa miaka mingine mitano au zaidi. Kuna na hili ambalo wazazi wengi hawalijui: akifika miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto huchomoza gego jipya, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hilo ni jino la ukubwani. Likiozea hapo hakuna lingine litakalokuja badala yake.

Tumesema mengi juu ya kuchelewa kwa sababu kuchelewa na hofu ni ndugu. Dawa ya ganzi haifanyi kazi vizuri mahali palipojaa usaha, kwa kuwa nyama ya pale imekuwa na asidi inayoidhoofisha dawa. Mtoto anayeletwa mapema hupigwa ganzi ikashika sawasawa, hivyo haumii. Yule anayeletwa shavu likiwa limevimba huenda akachomwa mara mbili au tatu na bado akasikia maumivu. Kesho yake ukimtajia hospitali anajificha uvunguni. Atakaa na meno yake mabovu hadi yavimbe tena, na atapelekwa tena katika hali ileile. Watu wazima wengi wasiokanyaga kliniki ya meno walianzia hapo.

HOFU INAVYOPANDWA

Si kila hofu imeletwa na daktari. Nyingi tunaipanda wenyewe nyumbani. "Ukiendelea kulia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Maneno haya tunayasema kila siku bila kufikiri, kisha tunashangaa mtoto akiliona koti jeupe anapiga kelele. Kaka mkubwa naye huongeza chumvi: anamsimulia mdogo wake habari za koleo kubwa na damu ndoo nzima. Mara nyingine mama mwenyewe ndiye mwoga. Amemshika mtoto mkono, lakini mkono wa mama unatetemeka, na mtoto anausoma vizuri kuliko kitabu.

Na tukubali kwamba mtoto ana sababu zake. Amelazwa chali, taa kali inammulika machoni, mtu asiyemfahamu amefunika uso anamwingiza vyuma mdomoni, na kwa kuwa mdomo umejaa hawezi hata kusema kwamba anaumia. Mtu mzima pia angeshika kwa nguvu mikono ya kile kiti.

Kwa sababu hiyo, dawa ya kwanza ya hofu ni maneno, wala si gesi. Madaktari wa meno wa watoto hufundishwa utaratibu wa hatua tatu: kumweleza mtoto kitakachofanyika, kumwonyesha chombo chenyewe, ndipo kukitumia. Kioo kidogo huwekwa kwanza mkononi mwa mtoto, kisha mdomoni. Siku ya kwanza daktari huweza kuyahesabu meno tu, basi, mtoto akaenda nyumbani akijisifu. Mtoto huambiwa pia kwamba akiinua mkono wa kushoto daktari atasimama, na daktari anapaswa kusimama kweli, kwa sababu akivunja ahadi hiyo mara moja tu haaminiwi tena. Watoto walio wengi hutibiwa vizuri kwa njia hii peke yake.

Wako hata hivyo ambao maneno hayawatoshi. Anataka kutii, anakaa kitini mwenyewe, lakini sindano ikikaribia mwili wote unakakamaa na machozi yanamtoka. Wako wanaotapika kila chombo kikigusa nyuma ya ulimi. Na wako wenye kazi ndefu ya meno manne au matano, wasioweza kuvumilia muda wote huo. Hao ndio ambao gesi iliwekwa kwa ajili yao.

GESI HII NI KITU GANI?

Jina lake ni nitrasi oksaidi. Haina rangi, na harufu yake ni hafifu yenye utamu kidogo. Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772. Mwaka 1800 mwenzake Humphry Davy, aliyeivuta mwenyewe mara nyingi, aliandika kwamba huenda ingefaa katika upasuaji kwa kuwa ilionekana kuondoa maumivu. Hakuna aliyemsikiliza. Kwa miaka zaidi ya 40 watu waliitumia kwa michezo ya kuchekeshana tu, ndipo lilipotoka jina la gesi ya kuchekesha.

Aliyeiingiza katika tiba ni daktari wa meno, Horace Wells wa mji wa Hartford huko Marekani. Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama onyesho la gesi hiyo, akamwona mtu mmoja amejiumiza mguu na hana habari. Kesho yake Wells aliivuta yeye mwenyewe, na daktari mwenzake akamng'oa gego bila ya yeye kusikia uchungu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari wakubwa. Pale mambo yalimharibikia: katikati ya kazi mgonjwa alipiga ukelele, na watazamaji wakamzomea Wells kuwa mwongo.

Ukelele ule wa Boston una fundisho kwa wazazi wa leo. Gesi hii hutuliza moyo na kupunguza maumivu kiasi, lakini haiyaondoi yote. Kwa kung'oa jino au kuchimba jino lililooza sana, sindano ya ganzi bado inahitajika. Tofauti ni kwamba mtoto aliyetulia huikubali, na huisikia kama kitu kilicho mbali. Anayewaambia kwamba gesi inaondoa sindano anauza maneno.

Si nusukaputi, basi. Aliyepewa nusukaputi hana fahamu kabisa, haitiki akiitwa, na pumzi yake inasimamiwa na mtaalamu wa kazi hiyo. Mtoto aliyevutishwa gesi ya kutuliza yu macho. Ukimwambia afungue mdomo anafungua. Ukimuuliza anaendeleaje anajibu kwa kichwa. Tofauti hii ni kubwa hata kisheria katika nchi nyingine. Kule Uingereza nusukaputi ilikuwa ikitolewa katika kliniki za kawaida za meno, na kulitokea vifo, vikiwemo vya watoto, mpaka ikakatazwa: tangu mwisho wa mwaka 2001 hutolewa hospitalini tu. Gesi ya kutuliza iliachwa iendelee katika kliniki, na ikatiliwa mkazo zaidi kama njia ya kuwaepusha watoto na nusukaputi.

Pengine mmesikia pia kwamba vijana wa Ulaya wanaivuta gesi hii kutoka katika maputo ili walewe. Ni kweli, na Uingereza ilipiga marufuku kuwa nayo kwa kusudi hilo mwezi Novemba 2023. Wanaoivuta hivyo mara kwa mara huharibu vitamini B12 mwilini, na wako waliopooza miguu. Lakini hao huivuta gesi tupu, siku baada ya siku, bila oksijeni na bila mtu wa kuwaangalia. Dakika chache katika kiti cha daktari, ikiwa imechanganywa na oksijeni ya kutosha, ni jambo jingine.

INAVYOTOLEWA

Katika chumba utaona mashine yenye mitungi miwili, mmoja wa oksijeni na mmoja wa nitrasi oksaidi. Huu wa pili kwa kawaida hupakwa rangi ya buluu. Kutoka hapo mipira miwili myembamba huishia kwenye barakoa ndogo inayokaa puani tu, mdomo ukabaki wazi kwa kazi. Mtoto huonyeshwa barakoa hiyo kwanza, akaishika, akaijaribu kwa mkono wake. Wengine huambiwa kwamba ni pua ya rubani wa ndege.

Daktari huanza kwa kumpa oksijeni tupu. Kisha huongeza gesi kidogo, kama asilimia 10, akingoja dakika moja hivi, halafu 20, na baada ya hapo hupanda taratibu kwa asilimia tano tano huku akizungumza na mtoto na kumtazama. Watoto wengi hutulia kati ya asilimia 30 na 40. Kwa kawaida haivuki 50. Kila mtoto ana kiasi chake, na ndiyo sababu hakuna daktari anayeweza kukuambia kabla ya kuanza kwamba huyu atahitaji kiasi fulani. Akijaribu kukimbia moja kwa moja kwenye kiasi kikubwa ili amalize foleni, mtoto atasikia kizunguzungu na kutapika.

Dalili za kutulia zinaonekana. Mabega yanashuka. Vidole vilivyokuwa vimekunjwa vinalegea. Macho yanapepesa polepole. Mtoto husema miguu imekuwa mizito au vidole vinawashawasha, na wengine hutabasamu bila sababu. Hayo yote huja ndani ya dakika tatu hadi tano. Akianza kusinzia kabisa, kuweweseka, au kufumba mdomo kila mara, gesi imezidi, nayo hupunguzwa.

Mashine zilizotengenezwa kwa kazi ya meno haziruhusu oksijeni kushuka chini ya asilimia 30, na oksijeni ikikatika gesi nayo hujifunga. Hewa tunayovuta hapa ufukweni Msasani ina oksijeni asilimia 21. Kwa hiyo mtoto yule kitini anapata oksijeni nyingi kuliko baba yake aliyekaa nje kwenye benchi. Jambo hili huwatuliza wazazi wengi wanaoogopa kwamba mtoto "atakosa hewa".

Kazi ikiisha, gesi hufungwa na mtoto akavutishwa oksijeni tupu kwa dakika tano hivi. Hatua hii isirukwe, hata kama foleni ni ndefu. Gesi inapotoka mwilini kwa haraka hujaa mapafuni na kuisukuma oksijeni pembeni, na mtoto asiyepewa oksijeni ya mwisho huweza kuondoka na kichwa kinachouma na kichefuchefu. Mwili hauichakati gesi hii. Huitoa kupitia mapafu ilivyoingia. Baada ya kupumzika kidogo mtoto husimama na kutembea vizuri, tofauti na dawa za usingizi za kunywa ambazo humlegeza mchana mzima.

ASIYEFAA KUPEWA

Mtoto mwenye mafua makali hawezi kusaidiwa na gesi, kwa sababu rahisi: inapita puani, na pua yake imeziba. Hali kadhalika anayepumua kwa mdomo siku zote kutokana na nyama za puani. Mpige simu daktari mapema mbadili siku, msije kupoteza nauli.

Mtoto wa chini ya miaka minne kwa kawaida hakubali barakoa, na kumshikia kwa nguvu huharibu maana yote. Gesi hii inamsaidia anayetaka kusaidiwa. Mtoto anayepigana haivuti, na ukimbana akalia, anapumua kwa mdomo. Kwa huyo daktari atatafuta njia nyingine, au kazi ikiwa kubwa atampeleka hospitali kwa nusukaputi yenye wataalamu wake.

Gesi hii hupenya na kuvimba mahali palipofungika mwilini. Kwa hiyo daktari aambiwe iwapo mtoto anaumwa sikio, amefanyiwa upasuaji wa sikio au wa jicho hivi karibuni, ana ugonjwa wa mapafu au tumbo lililoziba. Aambiwe pia kama ana upungufu wa vitamini B12, kifafa, ugonjwa wa moyo, au kama anatibiwa saratani. Kuhusu selimundu, ambayo familia nyingi zetu zinayo, gesi yenyewe si mwiko maadamu oksijeni ni ya kutosha. Lakini usifiche, kwa sababu mtoto mwenye selimundu hapaswi kupata baridi, kukosa maji wala kukosa oksijeni, na meno yake yenye usaha huweza kuamsha maumivu ya mwili mzima.

Mama mwenye mimba changa asiingie katika chumba cha gesi; amtume baba, shangazi au bibi. Chumba chenyewe kinapaswa kuwa na mpira unaonyonya gesi inayotolewa na mtoto na kuipeleka nje, kwa ajili ya usalama wa daktari na wasaidizi wake wanaoshinda humo.

Una haki ya kuuliza. Nani atakayemwangalia mtoto wakati daktari anashughulika na jino? Kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni? Je, atapewa gesi peke yake, au na dawa nyingine ya kunywa? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote. Gesi peke yake katika mikono iliyofundishwa ina usalama mkubwa. Hatari huongezeka dawa mbili tatu za usingizi zinapochanganywa na hakuna mtu wa kusimamia pumzi. Ukijibiwa kwa hasira, mchukue mwanao utafute mahali pengine.

Na sisi wazazi tusiwe wa kwanza kuchanganya. Wako wanaompa mtoto Piriton au dawa ya kikohozi asubuhi ya safari "ili alegee", au kipande cha kidonge cha usingizi cha bibi. Msifanye hivyo kamwe. Daktari asiyejua kilichomo tumboni mwa mtoto atampa gesi juu yake, na mtoto huweza kuzama katika usingizi ambao hakuna aliyejiandaa nao.

PASIPO NA GESI

Msitarajie kuikuta gesi hii katika kila kliniki ya meno. Mashine ni ghali, mitungi hujazwa kwa gharama, na anayeitumia ni lazima awe amefundishwa. Ulizeni kwa simu kabla ya kwenda. Lakini kukosekana kwa gesi si sababu ya kumwacha mtoto na jino bovu mpaka fedha zipatikane. Nendeni hospitali ya Mwananyamala au ya Temeke, kulingana na mnapokaa, aangaliwe. Kazi ikizidi uwezo wa pale, ombeni barua ya kwenda Muhimbili, ambako madaktari wa meno wa nchi hii hufundishwa.

Tena kuna njia isiyotisha ambayo chimbuko lake ni hapahapa Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Dar es Salaam walitafuta jinsi ya kuziba meno mahali pasipo na umeme. Waliacha mashine ya kuchimbia, wakakwangua uozo kwa vyombo vidogo vya mkono, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, inayoshikana na jino na kutoa floridi taratibu. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio makubwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza ulimwenguni.

Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, lakini ikaonekana kuwa na faida nyingine: watoto hawaiogopi sana. Hakuna mlio wa mashine, ambao kwa watoto wengi ndio adui mwenyewe, na mara nyingi hakuna haja ya sindano, kwa sababu kinachokwanguliwa ni sehemu laini iliyokwisha kuoza. Hutoki na gesi wala ganzi. Ila sharti ni moja: tundu liwe bado halijafika kwenye mshipa wa fahamu. Kwa mara nyingine tunarudi kwenye kuwahi.

Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo hupakwa kwa brashi ndogo juu ya jino lililooza na kuzuia uozo usiendelee. Haiumi hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi, na akina mama wengine hawaipendi kwa meno ya mbele. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na ile saruji ya glasi ayonoma na dawa ya mswaki yenye floridi. Muulizeni daktari kama anayo. Kwa mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kukaa kitini, kupakwa dawa kwa dakika moja mara mbili kwa mwaka ni afadhali kuliko kushikwa na watu wanne.

SIKU YA SAFARI

Mwambie mtoto usiku uliotangulia, si wiki nzima kabla wala si mlangoni mwa hospitali. Tumia maneno machache yaliyo ya kweli: "Kesho daktari atalitazama jino lako linalouma. Atalilaza usingizi ili alitoe ugonjwa." Usimwambie "hutaumia hata kidogo", kwa kuwa huwezi kuahidi jambo lililo mikononi mwa mwingine. Usimdanganye kwamba mnakwenda ufukweni kula mihogo. Wala usimwahidi zawadi kubwa mno. Mtoto ana akili, atajiuliza ni kitu gani hicho kibaya kinachostahili baiskeli.

Kama atapewa gesi, ale chakula chepesi, kwa mfano uji au mkate, asishibe, na asile katika saa mbili za mwisho kabla ya tiba, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo. Mwende asubuhi, mtoto akiwa hajachoka. Mfundishe nyumbani kupumua kwa pua mdomo ukiwa wazi. Mchezo huo mdogo utamsaidia sana barakoa ikivaliwa. Ndani ya chumba mwache daktari azungumze na mtoto. Mama akisema hili, daktari akisema lile, na msaidizi akiongeza la tatu, mtoto hajui amsikilize nani.

Akilia, asichekwe, na kaka zake wasipewe hadithi hiyo ya kumtania jioni.

Mkitoka, kumbukeni kwamba gesi imekwisha lakini ganzi bado. Mdomo na shavu hubaki vimekufa ganzi kwa saa mbili au tatu, na watoto hupenda kuutafuna mdomo ule wa ajabu usiohisi, mpaka jioni unavimba na kutoka kidonda. Mwangalieni, na asile chochote cha kutafuna mpaka hisia zirudi. Kama aling'olewa jino, aume pamba kwa nusu saa, asisukutue wala kutematema siku hiyo, na asivute juisi kwa mrija. Uji uwe wa vuguvugu. Maji ya chumvi yaanze kesho yake. Damu ikiendelea kutoka baada ya kuuma pamba mpya kwa nusu saa nyingine, au uvimbe ukiongezeka siku ya tatu, mrudisheni.

Na kabla ya kuondoka kliniki, ombeni daktari aandike katika kadi ya mtoto kiasi cha gesi kilichomtuliza na jinsi alivyoipokea. Mtakaporudi kwa jino la pili, hata kama mtamkuta daktari mwingine, ataanza akijua alipoishia mwenzake.